Je, watoto wadogo wanaweza kuendesha baiskeli kwenye ardhi ya migodi ya Ruhr?

Swali: Mimi na mume wangu tumehamia Bochum, mji wa eneo la Ruhr, Ujerumani. Mtoto wetu wa kwanza ana miaka tisa na anaendesha baiskeli vizuri. Mdogo ana miaka mitano, juzijuzi tu ndiyo tumemtoa magurudumu ya pembeni. Majirani wanatusifia njia za baiskeli zinazopita kwenye migodi ya zamani. Lakini mimi nimekulia Geita, na kwangu mgodi ni maduara, yaani mashimo ya wachimbaji, yaliyoachwa wazi na sehemu ambazo mama alitukataza kukanyaga. Je, ni salama kwa watoto? Na kama ni salama, tuanzie wapi ili wasichoke wakaichukia baiskeli?

Jibu:

Nendeni, dada yangu. Anzieni Erzbahntrasse, njia ya baiskeli iliyofuata reli ya zamani, iko hapohapo Bochum, na siku ya kwanza msiimalize. Lakini hofu yako ina msingi, kwa hiyo naianzia hiyo kabla ya kusema lolote kuhusu raha ya njia yenyewe.

Uchimbaji uliouona Geita na uliofanyika Ruhr ni tofauti kwa kina. Kwenye ukanda huu wa Bochum, Gelsenkirchen na Essen makaa ya mawe yamelala chini sana. Migodi ilifuata tabaka za makaa mamia ya mita ardhini, na ile ya mwisho ilivuka mita 1,000. Mgodi wa mwisho wa Ruhr, Prosper-Haniel wa Bottrop, ulifungwa tarehe 21 Desemba 2018. Watu na makaa walishuka na kupanda kupitia mashimo makubwa machache yenye minara ya winchi juu yake. Mgodi ulipofungwa, mashimo hayo yalijazwa na kufunikwa kwa zege. Kwa hiyo huku juu hamtakuta uwanja wa maduara. Mtakuta reli zilizong'olewa, majengo ya matofali, minara, na vilima vya mawe taka, yale ambayo kwenu Geita mnayaita magwangala.

Hata hivyo siwezi kukuambia kwamba hatari imekwisha kabisa. Kusini mwa Bochum na upande wa Witten makaa yalikuwa karibu na uso wa nchi, na watu waliyachimba kwa karne nyingi, mara nyingi bila kuacha ramani. Huko ardhi bado hutitia mara mojamoja. Mwezi Januari mwaka 2000, huko Wattenscheid, ambayo ni sehemu ya Bochum, shimo kubwa lilifunguka katikati ya makazi na kumeza gereji na gari. Mamlaka ya madini, iliyo chini ya serikali ya wilaya ya Arnsberg, ndiyo yenye kazi ya kutafuta mashimo hayo ya kale na kuyajaza, na kazi inaendelea hadi leo. Kwa familia yako maana yake ni moja: pitieni njia za baiskeli zilizojengwa na kuwekewa vibao, wala msikate vichochoro vya msituni, hasa kule kusini. Ukiona uzio katikati ya pori ambao hauelewi unazuia nini, usiuruke na usiruhusu mtoto auruke.

Kitu kimoja kidogo nakuomba uwaonyeshe watoto. Kwenye nyasi, karibu na mahali palipokuwa na mgodi, mtaona bomba limesimama, juu yake lina kofia ya chuma, na pembeni kibao kinachokataza moto. Chini ya bomba hilo kuna shimo la mgodi lililojazwa. Gesi ya methani bado inapanda polepole kutoka kwenye tabaka za makaa, na bomba linaipa njia ya kutoka ili isijikusanye. Wajerumani huliita Protegohaube. Watoto wakishalijua hilo huanza kuyatafuta wenyewe njia nzima, na mzazi unapata nafasi ya kueleza kwa nini hapa hapawashwi kiberiti. Nimeona mara nyingi kwamba mtoto aliyeelezwa anaogopa kidogo na anatii zaidi kuliko aliyekatazwa tu.

Sasa njia yenyewe. Kosa la familia nyingi zinazokuja Ruhr ni kuchagua safari kwa kufuata orodha ya vivutio: kiwanda hiki, mnara ule, kilima kile. Mwisho wake wanajikuta wanavuka barabara za magari na kupandisha milima na mtoto analia. Mimi nawashauri wazazi wachague njia kwa kuuliza swali moja tu: je, hapa ilipita treni ya mizigo? Treni iliyoshiba madini ya chuma haiwezi kupanda mlima mkali wala kukata kona ya ghafla. Kwa hiyo waliojenga reli walisawazisha kila kitu, wakajaza mabonde kwa tuta na kuruka barabara kwa madaraja. Reli ikiondolewa, kinachobaki ni kitanda tambarare, chenye kona pana, kilichonyanyuka juu ya magari yote. Sijui mhandisi gani angekaa chini leo akabuni njia ya mtoto wa miaka mitano akaipata bora kuliko hiyo.

Erzbahntrasse ndiyo mfano wake mzuri zaidi. Jina lina maana ya njia ya reli ya madini. Madini ya chuma yalifika kwa majahazi kwenye bandari ya Grimberg, kando ya mfereji wa Rhein-Herne huko Gelsenkirchen, kisha treni ziliyavuta hadi kwenye matanuri ya Bochumer Verein, kiwanda cha chuma kilichokuwa karibu kabisa na katikati ya Bochum. Reli hiyo ilifungwa miaka ya 1960. Leo ni njia ya baiskeli ya takriban kilomita 9, kwa sehemu kubwa juu ya tuta ambalo mahali pengine lina urefu wa hadi mita 15. Watoto wanaendesha usawa wa matawi ya miti na mapaa ya nyumba, na magari yanapita chini yao.

Anzieni Bochum, msianzie Gelsenkirchen. Mfereji uko chini kuliko mji wa Bochum, kwa hiyo mkielekea kaskazini mnasaidiwa na mteremko mdogo ambao macho hayauoni ila miguu ya mtoto inaujua. Chukueni treni hadi kituo cha Bochum West, au mtoke kituo kikuu kwa baiskeli hadi Westpark, bustani iliyopandwa juu ya eneo la kiwanda cha zamani. Humo mtaiona Jahrhunderthalle, jumba kubwa la chuma na vioo lililojengwa kwa ajili ya maonyesho ya Düsseldorf ya mwaka 1902, kisha likahamishiwa Bochum kuwa nyumba ya mashine za kiwanda. Zungukeni bustani hiyo kwanza. Ni mahali pazuri pa kumjaribu mdogo: anaweza kufunga breki akiambiwa? Anaweza kubaki upande wa kulia bila kuyumba? Kama bado, ishieni hapo, mle chakula chenu, mrudi nyumbani. Westpark peke yake inatosha kwa siku.

Kama yuko tayari, ingieni Erzbahnschwinge, daraja la mwaka 2003 lenye urefu wa mita 130, lililopinda kama herufi S na kuning'inizwa kwenye nguzo mbili. Watoto wote hutaka kusimama katikati yake. Waambieni mapema kwamba mnasimama mkishafika ng'ambo, kwa sababu daraja ni jembamba na wako watu wanaopita kwa kasi wakienda kazini au kufanya mazoezi.

Hapa nifafanue, kwa sababu ndiyo hatari halisi ya njia hii. Kinachowaumiza watoto Erzbahntrasse si mashimo, ni watu wazima wenye haraka. Jumapili mchana jua likiwaka, njia inajaa: baiskeli za umeme, mbwa, wakimbiaji, vikundi vya wazee. Mtoto wa miaka mitano akiona kitu kizuri anasimama palepale, au anakata kushoto bila kutazama. Nendeni Jumamosi asubuhi, au Jumapili kabla ya saa tano. Mzazi mmoja atangulie, mwingine afuate nyuma kidogo upande wa kushoto wa mdogo, awe ukuta wake. Mkubwa akae katikati. Kila mnaposimama, tokeni kabisa kwenye njia, na daima kwa upande wa kulia. Tuta lina miteremko yenye vichaka pembeni, hivyo fundisheni kwamba baiskeli ikiyumba unafunga breki, huigeuzi.

Sehemu kubwa ya njia si lami, ni changarawe laini iliyoshindiliwa. Ikikauka inafaa hata kwa magurudumu madogo. Ikinyesha inatoa tope jepesi la kijivu linalong'ang'ania mnyororo, na kwenye kona mtoto anaweza kuteleza. Punguzeni upepo kidogo kwenye matairi ya mdogo. Kama baiskeli yake ni ile nzito ya bei rahisi, ningetafuta nyepesi ya mtumba kabla ya kununua kitu kingine chochote; mtoto wa kilo 18 akisukuma baiskeli ya kilo 12 anabeba mzigo ambao wewe hungeukubali.

Katikati ya safari, eneo la Hordel, kuna vibao vinavyowaelekeza Zeche Hannover. Kwa maoni yangu hapa ndipo safari yenu ya kwanza ifikie mwisho, kwa sababu ni pazuri mno kwa watoto kupapitia haraka. Zeche Hannover ulikuwa mgodi wa mwisho wa makaa wa Bochum, ukafungwa mwaka 1973. Mnara wake wa matofali, mnene kama ngome, umesimama tangu miaka ya 1850; walijenga kuta nene namna hiyo ili zibebe uzito wa winchi, kabla ya kuanza kutumia minara ya chuma. Sasa ni makumbusho, na uwanjani kuna mgodi wa watoto unaoitwa Zeche Knirps. Watoto wanapewa kazi za kweli kwa kipimo chao: kujaza vigari, kuvuta mzigo, kupandisha na kushusha, kila mmoja akimtegemea mwenzake ili mawe yafike mwisho wa mstari. Hufunguliwa msimu wa joto, hasa mwisho wa wiki, kwa hiyo tazameni ratiba ya wiki hiyo kabla ya kuwaahidi watoto.

Makumbusho haya yana jambo jingine linalowahusu ninyi moja kwa moja. Yanasimulia habari za wahamiaji. Migodi ya Ruhr haikuchimbwa na wenyeji peke yao. Karne ya 19 walikuja Wapolandi na Wamasuria (watu wa Masuria, leo kaskazini mwa Poland) kwa malaki, na baada ya vita Waitaliano, Waturuki na wengine. Majina ya Kipolandi mnayoyaona kwenye kengele za milango ya jirani zenu yalifika kwa njia hiyo. Mtoto wako wa miaka tisa, anayeulizwa shuleni ametoka wapi, atasikia kwamba wanafunzi wenzake wengi wana babu aliyeulizwa swali hilohilo. Mwachie muda hapo. Usimharakishe.

Karibu na mgodi kipo kijiji cha wachimbaji, Dahlhauser Heide, kilichojengwa na kampuni ya Krupp mwanzoni mwa karne ya 20. Nyumba ni ndogo, lakini kila moja ilipewa bustani kubwa ili familia ilime mboga na kufuga. Kabichi zilijaa hadi watu wakakiita kwa jina la kabichi. Piteni taratibu, ni makazi ya watu.

Safari ya pili, watoto wakishazoea, endeleeni kaskazini. Madaraja yanaongezeka, mnavuka reli zinazotumika bado, na watoto wanaweza kutazama treni za mizigo kwa chini. Njia inaishia kwenye mfereji, ambako daraja jingine lililopinda, Grimberger Sichel la mwaka 2009, linawavusha maji. Karibu na hapo ni bustani ya wanyama ya ZOOM. Msiwaambie watoto kwamba mtaingia siku hiyohiyo. Ile ni siku nzima ya kutembea kwa miguu, na miguu itakuwa imekwisha.

Mkiwa hapo kwenye mfereji, waelezeni kuhusu maji, maana ndiyo habari kubwa kuliko zote za ardhi hii. Makaa yalipotolewa chini, juu kulizama. Zipo sehemu za Ruhr zilizoshuka zaidi ya mita 20, na mito ikapoteza njia ya kwenda Rhein. Bila pampu zinazofanya kazi mchana na usiku, mitaa mingi ya Gelsenkirchen, Herne na Essen ingekuwa ziwa. Pampu hizo haziwezi kuzimwa, hata migodi yote ikiwa imefungwa, na ulipo mfuko maalumu wa fedha kwa ajili ya kazi hiyo ya milele. Mto Emscher, unaopita jirani na mfereji, ulifanywa mtaro wa zege wa majitaka kwa sababu ardhi ilikuwa bado inazama na mabomba yangepasuka. Ukarabati ulianza miaka ya 1990, likajengwa bomba kuu la chini ya ardhi lenye kilomita 51, na tangu mwishoni mwa 2021 majitaka hayaingizwi tena mtoni. Kwenye sehemu ambazo kuta za zege bado zipo, kingo ni mwinuko mkali na mtu akiteleza hapandi. Uzio wa kijani mtakaouona kando ya mitaro hiyo si pambo. Hapo watoto washuke kwenye baiskeli kama wanataka kuchungulia.

Utasikia watu wakiwashauri mpande vilima vya mawe taka. Vinavutia kweli. Kule Bottrop kuna Tetraeder, umbo la chuma la mwaka 1995 lililosimamishwa juu ya kilima, na Herten kuna Hoheward, kilima kikubwa ajabu chenye matao ya kutazamia mwendo wa jua. Lakini vilima hivi vina mteremko ambao breki za mtoto mdogo haziumudu. Kwa mkubwa, mngoje mwaka mmoja hivi. Kama anasisitiza, nendeni Rheinelbe huko Ückendorf, mfunge baiskeli chini, mpande kwa miguu hadi ngazi za zege za mchongaji Herman Prigann kileleni. Msitoke nje ya njia kwenye vilima. Mawe taka yana mabaki ya makaa, na kwenye baadhi ya vilima makaa hayo huwaka polepole ndani kwa ndani kwa miaka mingi.

Zollverein, mgodi wa zamani wa Essen, nayo lazima mtaenda siku moja, kwa kuwa ndiyo iliyo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001. Mnara wake wa Shaft XII, wa mwaka 1932, ndiyo picha ya Ruhr yote. Mgodi ulifungwa 1986 na tanuri za koki, yaani makaa yaliyopikwa kwa ajili ya viwanda vya chuma, 1993. Kutoka Erzbahntrasse mnaweza kufika kwa kufuata reli nyingine ya zamani, Kray-Wanner-Bahn, ila kwa mtoto wa miaka mitano umbali huo ni mrefu. Nendeni kwa treni au tramu, kisha mzunguke njia ya duara iliyo ndani, kama kilomita 3.5, tambarare, bila magari. Likizo ya kiangazi huwa kuna bwawa dogo la kuogelea pembeni ya tanuri za koki, limetengenezwa kwa makontena ya chuma, bila kiingilio. Bebeni taulo. Udongo wa mahali palipopikwa koki una mabaki ya lami na mafuta, kwa hiyo watoto wasichimbe pembezoni, na wanawe mikono kabla ya kula.

Kuna mambo ya sheria ambayo mgeni huyajua kwa kukemewa. Ujerumani, mtoto ambaye hajatimiza miaka 8 anapaswa kuendesha kwenye njia ya waenda kwa miguu, au njia ya baiskeli iliyotenganishwa kabisa na barabara, na mzazi mmoja anaruhusiwa kuendesha naye hapo. Wa miaka tisa bado ana hiari ya kupita hapo hadi atimize 10. Mnapovuka barabara kutoka njia ya waenda kwa miguu, mdogo na anayemsindikiza wanashuka na kusukuma. Helmeti si lazima kisheria. Mimi simpeleki mtoto bila helmeti, wala mzazi wake.

Vyoo ni vichache njiani. Vya uhakika viko kwenye makumbusho. Chukueni maji ya kutosha, chapati zenu, tyubu ya akiba kwa kila ukubwa wa gurudumu na pampu. Chukueni pia kamba ya kuvutia baiskeli, ile yenye mpira. Mdogo akiishiwa nguvu mnamfunga kwa ya baba na kumvuta polepole kwenye sehemu iliyonyooka isiyo na watu.

Kurudi, msirudi kwa baiskeli. Treni ya RB46 inaunganisha Bochum, Wanne-Eickel na Gelsenkirchen, na inakwenda karibu sambamba na njia yenu. Deutschlandticket, tiketi ya mwezi ya usafiri wa umma wa Ujerumani nzima, haibebi baiskeli, kwa hiyo nunueni tiketi ya ziada ya VRR, muungano wa usafiri wa huku, kwa kila baiskeli ya mtu mzima, na kwa za watoto muulize kabla ya kupanda. Watoto chini ya miaka 6 wanasafiri bure. Nafasi ya baiskeli haiwekwi akiba, na viti vya magurudumu na magari ya watoto wachanga vina haki ya kwanza. Mkikuta behewa limejaa, subirini inayofuata, na msiache hilo litokee saa ambayo mdogo ameshachoka: geuzeni kuelekea kituoni mapema.